Mitsuyo wa Mkono wa Kushoto

Hafidh aliingia na habari yake hata koti hajavua, akasimama katikati ya sebule, akamzibia dada yake mwanga, akasema, "Ghalia, Mitsuyo wako hana shoto."

Ghalia alikuwa amekaa kitako kwenye zulia, koni ya hina mkononi, anajaribia mauwa juu ya karatasi ya kuokea keki. Jumamosi ya wiki ile ilikuwa siku ya hina ya Zuwena, binti wa ami yao, na Zuwena mwenyewe ndiye aliyesema hataki mtu mwingine amchore ila Ghalia. Kwa hiyo hakuinua hata uso.

"Sogea, unanizibia."

"N'nakwambia hana shoto. Hajapata kuwa nayo. Tazama mwenyewe." Akamtupia kitabu mapajani.

Kilikuwa kitabu kipya, bado kinanuka wino. Kwenye jalada alikuwapo Mitsuyo, mnoa visu, mwanamke wa mashavu manene na nywele zisizojua kitana, tenga la mawe ya kunolea mgongoni, kisu kikubwa amekiinua juu. Ghalia alimjua kama anavyozijua sura za ndugu zake. Ila kisu kilikuwa kwenye mkono wa kulia.

"Wamekosea," akasema.

"Walikosea zamani. Sasa ndo wamepatia."

Hafidh alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na alikuwa na ile furaha ya mtu aliyemkamata mwenzake kwenye kosa. Akakaa kwenye mkono wa kochi, akaeleza. Vitabu hivi vya katuni za Kijapani, manga kama wanavyoviita wenyewe, kwao hufunguliwa kutoka kulia kama msahafu. Waingereza walipoanza kuvitafsiri, miaka ya tisini, waliona wasomaji wao watapotea njia, basi wakazigeuza picha zote, kama mtu anavyojiona kwenye kioo, ili kitabu kifunguke kwa upande wa Kiingereza. Kulia kukawa kushoto, kushoto kukawa kulia. Sasa, mwaka huu wa 2003, wamevichapa upya kama vilivyochorwa.

"Original ndo hii," akasema Hafidh. "Hivyo vyako vya zamani, hata joho lake la kimono limefungwa kinyume. Wajapani hufunga vile maiti tu. Miaka yote hiyo, dada yangu, ulikuwa unasoma habari za maiti."

Akacheka peke yake. Ghalia alihisi uso unamchoma. Kuna watu hawawezi kukuona na jambo lako dogo linalokufurahisha wasikutilie kitumbua mchanga, tena kwa jina la ukweli, tena wakisubiri uwashukuru.

Na Mitsuyo hakuwa jambo dogo. Ghalia alikutana naye akiwa na miaka kumi na moja, kwenye maktaba ya mtaani kwao nyuma ya Edgware Road, London, siku ya mvua ambayo hakuwa na pa kwenda. Wasichana wa vitabu vingine walikuwa na macho makubwa yaliyojaa machozi, wanasubiri mvulana fulani ageuke awatazame. Mitsuyo hakumsubiri mtu. Alizunguka miji ya Japani ya kale akinoa visu vya wapishi na panga za mabwana wakubwa, na alichokitaka duniani ni kula ashibe na kulala asiamshwe. Alikuwa mlafi, mvivu, mbishi, mwenye kinyongo kisichoisha. Aliweza kusimamisha ugomvi katikati ili amalize wali wake kwanza. Katika vitabu vyote alilia mara moja tu, pale maandazi yake yalipotumbukia mtoni.

Kulikuwa na bwana mmoja dhalimu aliyempa upanga aunoe, ili amkate kichwa mkulima aliyekataa kumwinamia. Mitsuyo akanoa. Akanoa, akanoa, akanoa, mpaka upanga ukabaki mwembamba kama njiti, na ulipopigwa mara ya kwanza ukakatika vipande. Bwana akafoka mpaka mishipa ikamtoka. Mitsuyo, mdomo umejaa wali, akamjibu, "Uliniambia ninoe. Hukuniambia niache lini." Ghalia alicheka mpaka mkutubi akamtoa nje, akaenda kucheka kwenye mvua.

Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Mashujaa wengine ukiwasoma unatamani kuwa kama wao na unajua huwezi. Mitsuyo ukimsoma unajiona umeshafika, na mashavu yako na uvivu wako na mdomo wako. Hakuwa anajirekebisha. Kitabu kikianza ni mlafi, kikiisha ni mlafi, na katikati hapo watu wanyonge wamepata haki yao kwa sababu yeye alikuwa na njaa na hakutaka kusumbuliwa.

Tena alikuwa na shoto. Alinoa kwa kushoto, akala kwa kushoto, akazaba watu makofi kwa kushoto, na Japani nzima hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia abadilishe mkono. Ghalia alilitafuta hilo kwa makusudi, ukurasa kwa ukurasa, akiwa na hamu ya kujua Mitsuyo atajibu nini siku atakayoulizwa. Hakulipata. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyekunja uso, hakuna mgeni aliyekiacha kikombe cha chai kikielea hewani kwa sababu kimeletwa na mkono usiotakiwa.

Kwao Ghalia waliuliza. Kula kwa kulia halikuwa jambo la kugombana, hiyo ni dini na ni adabu. Mama yake alimfunga mkono wa kushoto kwa ncha ya leso mpaka wa kulia ukazoea, na leo akikaa na wenzake kwenye sinia la biriani hakuna atakayemjua. Kupeana mikono, kulia. Kupokea kitu, kulia. Lakini watu hawakutosheka. Kalamu nayo wakaitaka kulia, na mkasi, na sindano, na mwiko wa kukorogea uji, utadhani uji una macho. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile alikuwa na neno lake, na neno lenyewe lilianza na "masikini". Ghalia hakuwa masikini wa chochote! Aliandika vizuri kuliko Hafidh. Na kila yalipomzidi, alikuwa na jibu moja tu: mbona Mitsuyo?

Mama yake, Bi Time, siku moja alikichukua kimojawapo cha vitabu vile, akakifungua kwa ncha za vidole.

"Mshenzi gani huyu, anakula kwa kushoto?"

"Si Mwislamu, mama."

"Hata asiyekuwa Mwislamu ana mama yake," akasema Bi Time, akakirudisha mezani.

Sasa Ghalia alikaa na kile kitabu kipya mapajani, na jambo lililomuuma zaidi kuliko yote likamjia polepole. Kumbe ndiyo maana hakuna aliyemuuliza. Wale wapishi na mabwana na wakulima walikuwa wamemwona akitumia mkono wa kulia tangu siku ya kwanza. Hawakuwa wema wala wastahamilivu. Hawakuwa na la kuuliza.

Bi Time akatoka jikoni na mwiko mkononi, kavutwa na kelele. Alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati ya mtaani, mwanamke aliyezoea kujua nani ana nini kabla hajaambiwa. Hafidh akamweleza tena kila kitu, kioo na kimono na maiti, na Bi Time akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Kumbe! Alhamdulillahi. Kumbe binti wa watu ana adabu zake, wamemzulia tu!" Akakaa, akakichukua kitabu, akakipekua. Miaka yote alimchukia Mitsuyo, na kwa dakika moja wakapatana. "Na wali wenyewe unaonekana mzuri. Haya, Ghalia, sasa huna tena wa kumsingizia."

"Sikumsingizia mtu."

"Mama yake bwana harusi kanipigia simu," akasema Bi Time, na sauti ikabadilika. "Bi Raya. Kafika jana kutoka Maskati, wapo hotelini hapo Edgware Road. Kasikia mchoraji wa hina ana shoto. Hakusema vibaya, mwanamke muungwana yule. Kasema tu wao mambo ya heri huyaanza kwa kulia, na kama hapana mwengine…"

"Mwengine nani?"

"Yupo Balwinder wa Tooting. Anachora vizuri, na anachora kwa kulia."

"Zuwena kanitaka mie."

"Zuwena anaolewa, mwanangu. Anayeolewa hana sauti wiki hii. Ama uchore kwa kulia, ama n'mpigie Balwinder. Hata huyo Mitsuyo wako karudi kulia. Weye unangoja nini?"

Ghalia alikusanya karatasi zake akaingia chumbani, akaubamiza mlango, jambo ambalo kwao halifanywi. Alikuwa na haki ya kuubamiza. Mchana alikuwa akiuza dukani, anapanga shampuu, hakuna aliyemwona. Kwenye hina ndipo wanawake wa Kizanzibari wa London nzima walipojua jina lake. Walisimama nyuma yake wakimtazama mstari unavyotiririka, wakisahau kumsikitikia. Akiondolewa kwenye mkono wa bibi harusi mbele ya wanawake wote wale, hakuna atakayemwita tena, na hilo lingeuma lakini lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba lingekuwa limetamkwa hadharani: kile kizuri kuliko vyote alichojaaliwa ni kichafu, kwa sababu ya mahali kinapotokea.

Kesho yake, baada ya kazi, alipanda treni mpaka Tottenham Court Road, akaingia kwenye duka la vitabu vya katuni. Muuzaji aliitwa Lawrence, jina lake limebandikwa kifuani, kijana wa ndevu nyekundu na tabasamu la huruma. Ghalia akakiweka kile kitabu kipya mbele yake kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Walizungumza Kiingereza, na Kiingereza cha Ghalia akikasirika huwa kifupi.

"Nani aliwaomba mumbadilishe?"

Lawrence akakitazama kitabu, akafurahi, maana alidhani amempata mpenzi mwenzake wa Mitsuyo. Akasema si wao, ni wachapishaji. Wasomaji walilalamika kwa miaka mingi, wanataka kazi kama ilivyochorwa. Mchoraji mwenyewe, alivyosikia yeye, hakupenda picha zake zigeuzwe. "Sasa tumempata Mitsuyo wa kweli," akasema. "Ule mkono wa kushoto lilikuwa kosa la uchapaji tu."

"Kosa."

"Ndiyo. Kosa tu."

Ghalia aliwahi kuambiwa mkono wake ni mkosi, ni ukaidi, ni mtihani kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Kosa la uchapaji hakuwahi kuambiwa.

"Sikiliza," akasema. "Mimi nasoma kutoka kulia tangu nina miaka mitano. Nilifundishwa chuoni, kwenye Kurani. Mngenipa kitabu cha Kijapani kama kilivyo, nisingepotea hata ukurasa mmoja. Mlimgeuza kwa ajili ya watu wasioweza. Kisha mkamgeuza tena kwa ajili ya watu wanaotaka cha asili. Katikati hapo mimi nikampenda. Mliniuliza?"

"Sisi ni duka tu," akasema Lawrence, na tabasamu likaanza kumtoka.

"Mliniuliza?"

"Hapana. Lakini yeye ni yuleyule. Mkono ni jambo dogo."

"Kwako."

Lawrence akakuna ndevu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliudhi zaidi, maana ubaya ungemrahisishia Ghalia kazi. Akainama chini ya meza, akavuta sanduku, akamwonyesha vile vitabu vya zamani, vimepangwa migongo juu, na Mitsuyo wa kushoto ameinua kisu chake kwenye kila jalada. Vinasubiri kurudishwa kiwandani, akasema, vikasagwe. Achukue anachotaka.

Ghalia alivitazama, akaona akiongeza neno moja tu atalia mbele ya mwanamume mwenye jina kifuani. Akatoka. Vitabu vyake vya zamani alikuwa navyo nyumbani, hakuna wa kumsagia. Hakuwa amefuata vitabu pale. Alifuata mtu mmoja aseme kwamba amemkosea, na mtu huyo hakuwapo dukani, na pengine hakuwapo mahali popote.

Kwenye treni alikifungua kile kipya, basi tu, apate la kulaumu. Mkono ulikwenda kulia wenyewe, akaanza kusoma kuelekea kushoto kama anavyosoma juzuu, na mwanamume wa Kiingereza aliyekaa mbele yake akamtazama kwa wasiwasi, akidhani binti wa watu ameshika kitabu nyuma mbele. Ilikuwa hadithi asiyowahi kuisoma, haikuwamo kwenye vitabu vya zamani. Mitsuyo ameitwa kwenye mazishi ya tajiri, ananoa visu vya wapishi, na kwa njaa yake anajifanya mjane wa marehemu ili alishwe na waombolezaji. Wajane wengine wanatokea, na wote ni wa uongo, wote wana njaa. Ghalia alicheka. Alicheka mpaka yule Mwingereza akatabasamu naye, kisha hasira zikamjia maradufu kwa kuwa amecheka. Alitaka amkute Mitsuyo mpya amepooza. Alitaka apate sababu ya kumchukia. Na Mitsuyo alikuwa mlafi kama zamani, mbishi kama zamani, anatafuna kwa mkono wa kulia bila habari na mtu, na anachekesha hivyohivyo.

Hapo ndipo alipojionea haya kidogo, katikati ya hasira zake. Mara zote alizokaripiwa alikuwa amemtanguliza mwanamke wa karatasi ambaye hamjui. Mbona Mitsuyo, mbona Mitsuyo. Hajapata hata siku moja kusema mbona mimi.

Siku zilizobaki alijaribu kwa kulia. Asije mtu akasema hakujaribu. Alijifungia chumbani, akashika koni kwa mkono wa kulia, akakandamiza, na mauwa yakatoka kama yametafunwa na mbuzi. Mstari ulitetemeka, nukta zilivimba, majani yalilala. Bi Time alichungulia mlangoni, akaona, akasema kwa upole, "Utazoea." Lakini Ghalia alimsikia usiku huohuo akimpigia simu Balwinder, kwa Kiingereza chake cha kazini, akimwomba aje Jumamosi kwa ajili ya wageni, na akae karibu.

Ukumbi ulikuwa Kingsbury, umekodiwa kutoka kwa Wagujarati waliotoka Dar es Salaam, na wanawake waliujaza mpaka kwenye ngazi. Udi ulifukizwa mpaka mtu mmoja akakumbuka kengele ya moto, wakafungua madirisha. Watoto walikimbia na sambusa mikononi, Kiingereza midomoni. Balwinder alikuwa kwenye kona na kikapu chake, mama mmoja mpole mwenye miwani, anawachora wageni na kuwapulizia viganja.

Zuwena alikaa katikati, juu ya godoro jipya, kafunikwa leso ya kijani, mkono wake umelazwa juu ya mto. Ghalia alipokaa mbele yake, Zuwena akamnong'oneza, "Nitie kama tulivyopanga, usiwasikilize." Ilikuwa rahisi kusema kwa mtu aliyefunikwa uso.

Bi Raya aliletewa kiti karibu kabisa. Alikuwa mwanamke mzuri wa umri wa makamo, dhahabu nyingi, sauti ya chini, na kila aliyepita alimbusu mkono. Alimsalimu Ghalia vizuri. Akamuuliza anasoma nini. Kisha macho yake yakateremka, yakatulia kwenye mikono ya Ghalia, yakangoja.

Bi Time alikuwa nyuma ya kiti cha Bi Raya, na yeye akingoja.

Ghalia akaishika koni kwa kulia. Vigelegele vikapigwa. Akaishusha juu ya kiganja cha Zuwena, akakandamiza, na tone likatoka kubwa, likaanguka mahali lisipotakiwa, likatambaa kuelekea kwenye vidole. Vigelegele vikanyong'onyea. Mwanamke mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ndogo, "Ndo huyu anayesifiwa?"

Alilifuta kwa kitambaa. Rangi ikaacha alama ya kahawia katikati ya kiganja cha bibi harusi, pale ambapo palitakiwa kukaa ua kubwa. Ghalia akaitazama alama ile na akahisi hasira zinampanda kutoka miguuni, si zile za kubamiza mlango, nyingine, tulivu zaidi. Zuwena ana siku moja ya hina katika maisha yake. Mkono unaojua kazi upo hapa, mzima, umekaa bure juu ya paja, na ukumbi mzima wa watu wenye akili zao umekubaliana kwamba bora bibi harusi aharibiwe mkono kuliko aupate uzuri kwa njia hii. Na yeye Ghalia amekubaliana nao! Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Alikuwa amelikubali.

Akaihamishia koni mkono wa kushoto.

"Mwanangu," akasema Bi Raya, kwa ile sauti ya chini. "Mkono huo, masikini."

"Ghalia," akasema Bi Time.

Shingo ziligeuka safu baada ya safu, kuanzia mbele mpaka kwenye ngazi. Hata Balwinder, asiyejua Kiswahili, aliacha kupuliza.

Bi Raya akainama mbele kidogo, bila ukali. "Nani aliyekuachia tabia hii? Hukuwa na wakubwa wa kukuelekeza?"

Jibu lake la miaka yote lilikuwapo ulimini, tayari, kwa mazoea tu. Ghalia akaliacha lilipo.

"Hakuna aliyeniachia, bibi. Wakubwa walinielekeza sana, na kula nakula kwa kulia. Lakini kuchora nachora kwa huu. Nimezaliwa nao. Ni wangu."

"Sijasema si wako. Nasema leo ni siku ya heri."

"Na mimi ndiyo heri niliyokuja nayo."

Msichana hamjibu hivyo mama wa bwana harusi, na aliyempa jibu kama lile usoni pake hajapata kualikwa mara ya pili. Bi Time alizunguka kiti, uso umemwiva, akasimama juu ya binti yake. Aibu ya mbele za watu ilikuwa imemfika shingoni, na kwenye aibu ile mapenzi yalikuwamo pia, hilo lazima lisemwe, maana miaka yote aliyoyafanya aliyafanya ili siku kama hii isimfike mwanawe.

"Toa huo mkono, Ghalia," akasema. "Nakuomba. Utoe."

Ghalia akamwinulia macho. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Niutoe niupeleke wapi, mama?"

Bi Time alikuwa mtu wa majibu, kazini na nyumbani, wagonjwa walimwogopa kwa majibu yake. Alimtazama binti yake, akautazama ule mkono, tangu kwenye bega mpaka kwenye vidole vilivyoshika koni, kama mtu anayepima kitu kilivyoungana. Akasogea pembeni.

Bi Raya akanyanyuka taratibu, akakusanya buibui lake, akaenda kukaa upande wa pili wa ukumbi, na wanawake watatu wanne wakanyanyuka wakamfuata. Viti vyao vikabaki wazi. Ghalia aliviona, akajua kila kimoja ni nyumba ambayo hataitwa.

Zuwena hakuuondoa mkono wake juu ya mto. Ghalia akaukamata kwa kulia ili usitikisike, akainama, na kwa kushoto akaanza kuchora.